Edward Barnard: Yatima wa Nashville aliyefundisha ulimwengu kupiga picha za nyota

KILA anayenunua kamera na kuielekeza angani usiku kwa mara ya kwanza hukumbana na maswali matatu. Atumie lenzi ya aina gani? Aifungue kwa upana kiasi gani? Na aiache ikipokea mwanga kwa muda gani?

Maswali hayo yamewatatiza watu kwa zaidi ya karne moja. Miongoni mwa waliotoa majibu ambayo yangali yanafaa hadi leo ni Mmarekani aliyezaliwa fukara, akapata elimu ya darasani kwa takriban miezi miwili pekee, lakini akaja kuhesabiwa kuwa mmoja wa wanafalaki stadi zaidi wa zama zake.

Huyo ni Edward Emerson Barnard, aliyefariki mwaka wa 1923. Wataalamu humkumbuka kwa kugundua mwezi wa tano wa sayari ya Mshtarii, kwa nyota iendayo kasi inayoitwa kwa jina lake, na zaidi ya yote kwa picha zake za Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaoivuka mbingu mithili ya moshi.

Siri ya picha hizo haikuwa ukubwa wa chombo. Barnard alifanya kazi katika vituo vilivyokuwa na darubini za lenzi kubwa kuliko zote za aina yake duniani, lakini kwa Njia Nyeupe alichagua lenzi ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya kupiga picha za watu. Alijua ni kitu gani alichokitaka, akachagua kifaa kilichokifaa, kisha akakubali kulipa gharama yake: saa nyingi za kukaa macho gizani.

Hata hivyo, picha hizo hizo zilimwonyesha jambo ambalo yeye mwenyewe alilisitasita kwa karibu miaka 30 kabla ya kulikubali.

Kijana wa kulifuata jua

Barnard alizaliwa Desemba 16, 1857 mjini Nashville, katika jimbo la Tennessee. Babake alifariki kabla ya mtoto huyo kuzaliwa, na mamake, Elizabeth, akabaki na wana wawili wa kiume na umaskini usiokuwa na kifani.

Alikuwa mtoto mdogo Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka wa 1861. Nashville ilitekwa na majeshi ya serikali kuu mwaka uliofuata, na familia kama ya Barnard zikazidi kudidimia katika njaa na maradhi. Ni mamake aliyemfundisha kusoma.

Mnamo 1866, kabla hajatimiza umri wa miaka tisa, alipelekwa kufanya kazi katika studio ya picha ya John Van Stavoren. Juu ya paa la studio hiyo kulikuwa na mtambo mkubwa wa kukuzia picha ulioitwa Jupiter. Taa za umeme zenye nguvu hazikuwapo siku hizo, hivyo mtambo huo ulitumia mwanga wa jua.

Tatizo ni kwamba jua halisimami mahali pamoja. Ilibidi mtu azungushe magurudumu ya mtambo polepole, saa baada ya saa, ili miale isiondoke kwenye lenzi. Wavulana waliotangulia kupewa kazi hiyo walikuwa wakisinzia. Barnard hakusinzia.

Kazi hiyo ya kuchosha ndiyo iliyomjenga. Mtoto aliyelikodolea macho jua kutwa nzima aligundua, bila kufundishwa na mtu, kwamba jua halifiki katikati ya mbingu wakati ule ule wa saa kila siku. Kuna majira ambapo huitangulia saa na majira mengine huchelewa. Aidha, alizoea jambo ambalo baadaye lingekuwa msingi wa sifa zake zote: kukifuata kitu cha angani kwa mkono, bila papara, kwa muda mrefu.

Alikaa katika biashara hiyo ya picha kwa takriban miaka 17. Huko alijifunza tabia za lenzi, dawa za kusafishia picha na namna kioo kilichopakwa kemikali kinavyopokea mwanga. Wanafalaki wengi wa wakati huo walizijua hesabu lakini hawakuijua kamera. Kwake ilikuwa kinyume.

Kitabu cha dola mbili

Mwaka wa 1876, kijana mmoja alimwomba Barnard mkopo wa dola mbili na kumwachia kitabu kiwe dhamana. Barnard hakutarajia kuziona tena pesa zake, na kwake dola mbili hazikuwa kitu kidogo. Alipokifungua kitabu hicho, alikuta kwamba kiliandikwa na Thomas Dick, mwandishi wa Uskoti, na kilieleza habari za falaki.

Ndani yake mlikuwa na ramani za nyota. Kwa mara ya kwanza alijua kwamba zile nyota alizozizoea tangu utotoni zilikuwa na majina, na kwamba ile ing'aayo sana iliyokuwa ikipita juu ya kichwa chake wakati wa kiangazi iliitwa Vega.

Mwaka uliofuata alinunua darubini ya kipenyo cha inchi 5 kwa dola 380. Kiasi hicho kilikuwa karibu thuluthi mbili ya mapato yake ya mwaka mzima, na bado alikuwa na mama mgonjwa wa kumtunza.

Mwaka huo huo wa 1877, chama cha wanasayansi wa Marekani kilikutana Nashville. Barnard alijitosa kumwendea Simon Newcomb, mwanafalaki mashuhuri kuliko wote nchini humo, akamwomba ushauri. Newcomb alimweleza kwamba bila hisabati hangefika mbali. Kijana huyo wa miaka 19 alijificha nyuma ya nguzo ya jengo hilo na kulia. Kisha alitafuta mwalimu wa kumfundisha hisabati.

Mnamo 1881 alimwoa Rhoda Calvert, mzaliwa wa Uingereza ambaye ndugu yake alifanya kazi katika studio ile ile. Wakati huo mfanyabiashara tajiri wa Rochester, H. H. Warner, alikuwa akitoa zawadi ya dola 200 kwa kila nyotamkia mpya iliyogunduliwa Marekani. Barnard alikesha usiku baada ya usiku akizisaka, na fedha alizopata zilimwezesha kujijengea nyumba. Majirani waliiita nyumba ya nyotamkia.

Kufikia 1892 alikuwa amegundua nyotamkia 15 peke yake. Sifa hizo ndizo zilizomfungulia milango ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt mwaka wa 1883, ambako alisoma huku akikitunza kituo kidogo cha falaki cha chuo hicho.

Lenzi ya mpiga picha za watu

Mnamo 1888 Barnard alijiunga na Kituo cha Lick, kilichojengwa juu ya Mlima Hamilton katika jimbo la California. Hapo palikuwa na darubini yenye lenzi ya inchi 36, iliyokuwa kubwa kuliko zote za aina yake duniani.

Lakini mkurugenzi wa kituo, Edward Holden, hakumpa nafasi ya kuitumia darubini hiyo. Uhusiano wao ulikuwa mbaya na haukuwahi kutengemaa. Akiwa amefungiwa mlango wa chombo kikubwa, Barnard aligeukia vitu vidogo.

Kituoni kulikuwa na lenzi kuukuu iliyonunuliwa San Francisco, iliyojulikana kama lenzi ya Willard. Ilikuwa na kipenyo cha takriban inchi 6 na urefu wa fokasi wa inchi 31. Lenzi za namna hiyo ziliundwa kwa ajili ya studio, ambako mteja hangeweza kutulia kwa muda mrefu, na kwa hiyo zilihitaji kupokea mwanga mwingi kwa haraka.

Barnard alielewa kwamba sifa hiyo ndiyo iliyohitajika angani. Ukigawanya urefu wa fokasi wa lenzi ya Willard kwa kipenyo chake, unapata takriban 5. Wapiga picha wa leo huandika f/5. Ukifanya hesabu hiyo hiyo kwa darubini kubwa ya inchi 36, ambayo urefu wake wa fokasi ulizidi futi 57, unapata takriban 19.

Tofauti ya namba hizo mbili ina uzito. Kwa kitu kilichotawanyika kama wingu, mwanga unaoangukia kila sehemu ya kioo cha picha hutegemea namba hiyo, si ukubwa wa chombo. Kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo picha inavyopata mwanga kwa kasi. Lenzi ile ndogo ilimulika kioo kwa nguvu zaidi ya mara 10 kuliko darubini kubwa iliyowagharimu wafadhili mali nyingi.

Isitoshe, darubini kubwa huona kipande kidogo mno cha mbingu, kama mtu anayechungulia kupitia tundu la ufunguo. Lenzi ya Willard ilikusanya eneo pana kwa mara moja. Ili kuiona sura ya msitu, ni sharti mtu arudi nyuma aache kulikazia macho jani moja.

Mkono usiotikisika

Katika kiangazi cha 1889, Barnard aliifunga kamera yenye lenzi hiyo kwenye darubini ndogo na kuielekeza katikati ya Njia Nyeupe, upande wa kundinyota la Kausi. Akaiacha wazi kwa zaidi ya saa 3.

Kuiacha kamera wazi kwa muda huo si jambo la kufungua na kwenda kulala. Dunia huzunguka, na kwa sababu hiyo mbingu yote huonekana ikisogea digrii 15 kila saa. Kamera isipoifuata, kila nyota huacha mstari badala ya nukta.

Mtambo wa saa uliokuwa ukiizungusha darubini haukuwa sahihi vya kutosha. Kwa hivyo, Barnard alichagua nyota moja, akaiweka katikati ya nyuzi nyembamba zilizopishana ndani ya darubini, na kwa muda wote huo jicho lake halikubanduka hapo. Kila nyota iliposogea hata kidogo, alirekebisha kwa mkono. Ilikuwa ni kazi ile ile ya utotoni juu ya paa la studio, ila sasa jua lilikuwa limegeuka nyota.

Aliposafisha kioo, aliona kitu ambacho hakuna binadamu aliyekuwa amekiona kwa ubayana huo. Njia Nyeupe haikuwa ukungu mtupu. Ilikuwa nyota zisizohesabika, zilizorundikana kama mawingu ya mvua, na kati yake mlikuwa na michirizi na madoa meusi yenye kingo kali.

Picha hizo zilivuta hisia za wataalamu, na tajiri Charles Crocker akatoa fedha za kuitengenezea lenzi hiyo mtambo wake maalumu. Barnard aliendelea kuitumia hadi 1895. Kwa sababu alikuwa mkali kuhusu ubora wa uchapishaji, kitabu chenye picha hizo kilitolewa mwaka wa 1913, miaka mingi baada ya kupigwa kwake.

Mwaka wa 1892 uliweka mpaka kati ya zama mbili. Hatimaye Barnard aliruhusiwa kuitumia darubini kubwa usiku mmoja kwa juma, siku ya Ijumaa. Ijumaa ya Septemba 9 aligundua mwezi mdogo karibu na Mshtarii, ambao leo huitwa Amalthea. Ulikuwa mwezi wa kwanza kuongezwa kwenye ile minne aliyoigundua Galileo mwaka wa 1610, na ndio mwezi wa mwisho wa sayari kugunduliwa kwa jicho tupu likiwa kwenye darubini.

Mwezi mmoja baadaye, Oktoba, alikuta alama hafifu kwenye mojawapo ya picha zake. Ilikuwa nyotamkia, ya kwanza kabisa kugunduliwa kwa njia ya picha. Mtu yule yule aliyefunga ukurasa wa jicho ndiye aliyefungua ukurasa wa kamera.

Kuifuata mbingu ya kusini

Barnard aliondoka Lick mwaka wa 1895 na kujiunga na Chuo Kikuu cha Chicago, ambacho kilikuwa kikijenga Kituo cha Yerkes katika kijiji cha Williams Bay, jimbo la Wisconsin. Mwaka wa 1897 chama cha wanafalaki cha Uingereza, Royal Astronomical Society, kilimtunuku nishani yake ya dhahabu. Mwaka huo pia mfadhili Catherine Bruce alitoa dola 7,000 za kumtengenezea kamera aliyoitaka.

Barnard hakuridhika na lenzi ya kwanza iliyompendeza fundi. Alijaribu na kukataa nyingi, hata ikawa kamera hiyo ya Bruce haikusimamishwa hadi 1904. Lenzi yake kuu ilikuwa ya inchi 10 na urefu wa fokasi wa inchi 50, yaani f/5 tena. Miaka 15 ilikuwa imepita lakini uchaguzi wake haukuwa umebadilika.

Kando ya lenzi hiyo iliwekwa nyingine ya inchi 6 na robo, zikipiga picha kwa wakati mmoja. Sababu ilikuwa ya busara. Doa likionekana kwenye kioo kimoja tu, ni kasoro ya kioo. Likionekana kwenye vyote viwili, liko mbinguni. Nguzo ya mtambo nayo ilipindwa ili kamera iweze kuifuata nyota kutoka mashariki hadi magharibi bila kusimamishwa na kugeuzwa katikati ya kazi.

Wisconsin iko mbali kaskazini, na sehemu tajiri zaidi ya Njia Nyeupe huonekana huko ikiambaa karibu na upeo wa macho, ndani ya hewa nzito. Mwaka wa 1905, kwa msaada wa fedha za J. D. Hooker wa Los Angeles, Barnard aliihamisha kamera hiyo hadi Mlima Wilson, California, kwa miezi kadhaa. Sehemu kubwa ya picha zake bora ilipatikana huko.

Hata Mlima Wilson, kitovu cha Njia Nyeupe hakipandi zaidi ya digrii 27 hivi kutoka upeoni. Kwa anayeishi Kenya, kitovu hicho hupanda hadi takriban digrii 60. Kile ambacho Barnard alisafiri maelfu ya kilomita kukikaribia, mkazi wa Turkana, Marsabit au Samburu hukiona kikiwa juu sana angani jioni za Julai na Agosti, mradi mawingu yameondoka na mwezi haujachomoza.

Mashimo au mawingu?

Yale madoa meusi yaliyojitokeza katika picha za 1889 yalimnyima Barnard raha. Je, yalikuwa mashimo, mahali ambapo nyota hazikuwapo? Au yalikuwa kitu fulani kisichong'aa, kilichosimama mbele ya nyota na kuzificha?

William Herschel, mwanafalaki wa karne ya 18, alikuwa ameyachukulia kuwa mapengo. Barnard naye alielekea upande huo mwanzoni. Mwaka wa 1894 mhariri wa sayansi wa Uingereza, Arthur Ranyard, alipendekeza kwamba ni vitu vizibavyo mwanga, lakini Barnard hakushawishika.

Hapa ndipo ulipokuwa mtihani wake mkubwa. Mtu ambaye kamera yake ilikuwa imeona mbali kuliko macho ya wote hakuwa tayari kuamini ilichoonyesha, kwa hofu ya kusema zaidi ya alichokijua. Hakuwa na elimu ya fizikia ya kumtetea, na alikuwa ameonja aibu ya kukosolewa na wasomi tangu ujanani.

Alichokifanya ni kuongeza ushahidi. Alipiga maeneo hayo hayo tena na tena, kwa lenzi tofauti na muda tofauti. Doa ambalo lingekuwa shimo tupu lingepaswa kuwa jeusi kabisa, lakini baadhi ya madoa yalikuwa na weupe hafifu, kama wingu linalopokea mwanga kidogo. Mengine yaliungana na mawingu yanayong'aa waziwazi.

Usiku mmoja wa kiangazi mwaka wa 1913, alipokuwa akipiga picha huko Yerkes, aliona vijiwingu vidogo vya kawaida vikielea mbele ya Njia Nyeupe. Vilionekana vyeusi tii kwa sababu ya mwanga uliokuwa nyuma yake, na vilifanana kabisa na madoa ya kwenye vioo vyake. Kuanzia hapo shaka yake ilipungua sana.

Mnamo 1919 alichapisha orodha ya madoa meusi 182, akieleza kwamba mengi yake bila shaka ni vitu halisi vinavyozuia mwanga. Hata wakati huo hakudai kwamba yote ni ya aina hiyo.

Muda ulimpa haki. Mwaka wa 1930, Robert Trumpler wa Kituo cha Lick alithibitisha kwamba vumbi limetapakaa kati ya nyota na kufifisha mwanga wake. Leo inafahamika kwamba mawingu hayo meusi ya gesi baridi na vumbi ndiyo mahali nyota mpya zinapozaliwa. Yangali yanatajwa kwa herufi B na namba za Barnard. Maarufu zaidi ni B33, lenye umbo la kichwa cha farasi, katika kundinyota la Orioni.

Somo kwa anayeanza

Kamera za sasa hazitumii vioo, na kile kilichomchukua Barnard saa 3 hupatikana kwa muda mfupi zaidi. Lakini uchaguzi aliopaswa kuufanya ndio ule ule unaomkabili mtu anayesimama uwanjani na kamera yake ya kwanza.

La kwanza ni lenzi. Kwa Njia Nyeupe, lenzi pana ya milimita 14 hadi 24 hufaa kuliko ile ndefu ya kuvuta vitu vya mbali. Ifunguliwe kwa upana wake wote au karibu na hapo, kwa mfano f/2.8, au f/3.5 ikiwa ndio mwisho wa lenzi hiyo.

La pili ni muda. Asiyekuwa na mtambo wa kuifuata mbingu hugawanya 500 kwa urefu wa lenzi ili kujua sekunde ambazo nyota zitabaki nukta. Lenzi ya milimita 24 huruhusu sekunde 20 hivi, na ya milimita 50 sekunde 10. Kamera nyingi za bei nafuu zina kitambuzi kidogo cha mwanga, na kwa hizo jibu hupunguzwa kwa thuluthi moja.

La tatu ni wepesi wa kunasa mwanga, ambao kwenye kamera huandikwa ISO. Kiwango cha 1600 au 3200 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukikizidisha mno, picha hujaa chembechembe. Ukikipunguza mno, mawingu ya Barnard hayaonekani.

Zaidi ya hayo, kamera iwekwe kwenye stendi thabiti ya miguu mitatu, na picha ihifadhiwe katika faili ghafi badala ya ile iliyobanwa. Ulengaji ufanywe kwa mkono kwa kukuza nyota moja ing'aayo kwenye kioo cha kamera mpaka iwe ndogo iwezekanavyo. Kamera ifyatuliwe kwa kuchelewesha sekunde kadhaa ili mguso wa kidole usiitikise.

Na pale Barnard alipolazimika kuacha kioo kimoja wazi kwa saa nyingi, anayeanza leo anaweza kupiga picha 20 au 30 fupi za eneo lile lile na kuziunganisha kwa programu ya kompyuta. Chembechembe hupungua na mwanga hafifu hujitokeza.

Somo jingine la Barnard halihusu vifungo vya kamera. Ni kutunza kumbukumbu. Mwaka wa 1916 alilinganisha picha mpya na ile aliyoipiga 1894, akagundua nyota hafifu iliyokuwa imehama kwa kasi isiyowahi kuonekana. Hadi leo hakuna nyota inayojulikana kusogea angani kwa kasi kuizidi. Iko umbali wa takriban miaka 6 ya mwanga, na mnamo 2024 wanasayansi walitangaza kwamba wamepata sayari inayoizunguka. Bila picha ya kale iliyohifadhiwa pamoja na tarehe yake, Barnard hangejua lolote.

Miaka ya mwisho

Usiku mwingi wa baridi kali ulimdhoofisha Barnard. Jumba la darubini haliwezi kutiwa joto, kwa sababu hewa yenye joto huitikisa picha, na majira ya baridi ya Wisconsin hayana huruma. Mwaka wa 1914 maradhi ya kisukari yalimlazimu kupumzika kwa muda, jambo lililomuumiza kuliko ugonjwa wenyewe.

Mkewe Rhoda alifariki mwaka wa 1921. Hawakujaliwa mtoto. Mpwa wa Rhoda, Mary Calvert, ndiye aliyekuwa msaidizi wake wa karibu katika kazi na katika upweke.

Kazi iliyobaki ilikuwa atlasi ya Njia Nyeupe. Barnard hakuamini kwamba mtambo wa kuchapia ungeweza kuonyesha mawingu yale hafifu, akaamua kila nakala iwe na picha halisi zilizosafishwa kwa mkono. Nakala zilikuwa 700, na picha zote kwa jumla 35,700. Alizikagua zote mwenyewe, moja baada ya nyingine, na kuzitupa zilizokuwa na dosari.

Hakuiona atlasi hiyo ikikamilika. Alifariki Februari 6, 1923 nyumbani kwake Williams Bay, akiwa na umri wa miaka 65, na akazikwa Nashville. Mary Calvert na mkurugenzi wa Yerkes, Edwin Frost, walikamilisha maandishi, na atlasi ikatolewa mwaka wa 1927 ikiwa na orodha ya madoa meusi zaidi ya 340.

Leo, kitambuzi cha kamera ya kawaida kinaweza kuyaonyesha mengi ya madoa hayo kwa dakika chache. Anayeyaona kwa mara ya kwanza kwenye picha yake, katikati ya nyota za Kausi na Nge, anakuwa mbele ya swali lile lile lililomkosesha Barnard usingizi, ila yeye ana bahati ya kulijua jibu.